Jinari Kuzunguka Chungu

Jumatatu, 1 Agosti 1966

Likizo imeanza vizuri na vibaya. Vizuri: nina vitabu vitatu na kitanda changu mwenyewe hapa kwa Nyanya Atyang. Vibaya: Mwalimu Nathaniel ametupa kazi ya historia. Kila mwanafunzi wa kidato cha pili aandike habari za mahali palipokuwapo na sasa hapapo. Tena tusinakili vitabuni. Tuwaulize watu.

Kuwauliza watu! Mimi, ambaye muhula uliopita nilikunywa uji bila sukari wiki nzima kwa kuona haya kumwambia mpishi kwamba amenisahau.

Nimechagua Jinari kwa sababu iko karibu. Ukivuka shamba la Nyanya, hapa Adungosi, umefika. Yaani hujafika popote. Ni nyasi. Miaka kumi na mmoja iliyopita palikuwa na kiwanda cha kuchambua pamba, nyumba za wafanyakazi kuizunguka injini, duka, uwanja wa mpira. Kiwanda kilipofungwa, injini ilipandishwa treni, mabati yakang'olewa, matofali yakabebwa na kila mwenye mgongo. Jiko la Nyanya ni Jinari tupu. Kilichobaki pale ni msingi wa injini tu, saruji ya mviringo katikati ya nyasi. Mbuzi hupenda kulala juu yake.

Na hata hizo nyasi hazina muda. Trekta la chama cha ushirika litalima pote Jumatatu, tarehe 15.

Jumatano, 3 Agosti 1966

Nimewauliza watu. Sitarudia.

Mzee Bwire, aliyekuwa akipima pamba kwenye mizani, alisema duka la Jinari lilikuwa na mlango wa kijani. Mzee Aluka, aliyekuwa akishona magunia, alisema duka halikuwa na mlango kabisa, lilikuwa na dirisha. Bwire akamwambia macho yake yaliharibiwa na vumbi la pamba. Aluka akasema, "Wewe ulikuwa kipa ukafungwa mabao saba siku moja. Hukuona hata mpira, utaona mlango?" Kuanzia hapo ikawa ni habari ya yale mabao saba, saa nzima. Daftari langu lina nusu ukurasa, na yote nimeikata.

Nilipokuwa nikiondoka, Mzee Egwang aliniita kando. Yeye ndiye aliyekuwa akichochea moto wa boila na kupiga filimbi ya mvuke, saa moja asubuhi, saa sita na saa kumi na moja. Kila mtu huku aliishi kwa filimbi hiyo, hata asiyejua pamba. Anasema mimi mwenyewe nilizaliwa kati ya filimbi ya mchana na ya jioni.

Kisha akaniambia jambo. Walipokuja kufungasha injini, aliifungua filimbi kwa spana, akaizika nyuma ya nyumba yake, kina cha jembe moja. Ni ya shaba, nene kama mkono wake. "Injini ilikuwa yao," alisema. "Filimbi ilikuwa yetu." Alikuwa akingoja wasahau. Sasa wamesahau, lakini trekta linakuja, na meno ya trekta hayajui filimbi.

Nilimwuliza nyumba yake ilikuwa wapi. Alinyoosha mkono upande wa barabara ya Malaba. Aluka akapaza sauti kutoka kule kwamba ni upande wa reli. Bwire akasema Egwang hakuwa na nyumba, alikuwa akilala kwenye boila kwa ajili ya joto.

Jumamosi, 6 Agosti 1966

Leo nimegundua kitu kikubwa.

Jumamosi ni siku ya chungu kwa Nyanya. Wazee wa Jinari huja na vigoda vyao na mirija mirefu, wanakaa mviringo, wanavuta ajono, pombe ya wimbi, kutoka chungu kimoja, na kazi yangu ni kuongeza maji moto. Nilipokuwa naongeza, niliona pengo. Mahali pazuri, penye kivuli, na hakuna aliyekaa. Nilipomwuliza Nyanya, alicheka. "Nani atakaa chooni?"

Kumbe wanakaa kama walivyokaa Jinari! Chungu ni injini. Kila mtu anakaa upande ilipokuwa nyumba yake, jirani wa kulia kulia, jirani wa kushoto kushoto. Pengo ni choo cha kambi. Haijawahi kubadilika, Nyanya anasema, hata Mzee mmoja alipofariki walibana kidogo tu. Wale wanaogombana kuhusu mlango wa duka wamebeba mji mzima makalioni, na hawajui.

Nimechora yote daftarini, nimejificha nyuma ya mlango, huku birika likipoa. Egwang upande wa reli, mgongo kwa jiko letu. Choo mkabala naye, upande wa barabara.

Leo walichelewa kuketi. Walisimama na vigoda mkononi wakinong'onezana, wakakizunguka chungu kama kuku anayetafuta pa kutagia, ndipo wakakaa. Uzee, nadhani. Mama Euphrasia, mama mkwe wa Mzee Egwang, alikuwa jikoni na Nyanya akimenya karanga. Ni mdogo kwa Mzee Egwang kwa miaka kama kumi, kwa sababu binti yake ni mke wa pili wa Mzee. Karanga zilikuwa tamu.

Jumapili, 7 Agosti 1966

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nachora uwanja wa mpira kichwani.

Jumatano, 10 Agosti 1966

Ramani imekamilika. Wino mweusi, rula, karatasi nzima ya michoro. Nimeandika JINARI juu kwa herufi zenye miguu.

Niliitandika tu juu ya kigoda cha Mzee Bwire na kusimama mbali. Walikuja mmoja mmoja. Aluka aligusa nyumba yake kwa kidole, taratibu, kama inayoweza kuungua. Bwire alisema mlango wa duka uko pale pale aliposema. Sikuchora mlango.

Mzee Egwang aliitazama sana. Akasema yeye alikumbuka nyumba yake ilikuwa upande wa barabara. Hata alikumbuka vumbi la magari likiingia kwenye chai.

"Hapa imeandikwa reli," Bwire alimwambia.

Mzee Egwang akasema labda lilikuwa vumbi la treni. Karatasi haina sababu ya kumdanganya, alisema, lakini kichwa chake kimeshamdanganya mara nyingi.

Nilijisikia mkubwa. Naandika ukweli: nilijisikia mkubwa sana.

Ijumaa, 12 Agosti 1966

Wamepanga kuchimba Jumapili baada ya ibada, na kesho hakuna chungu, ili wahifadhi nguvu. Ugomvi wa leo: filimbi ikipatikana, italizwaje bila boila? Bwire ana pampu ya baiskeli. Aluka anataka kuziba chungu cha Nyanya kwa udongo wa mfinyanzi na kukichemsha. Nyanya amesema atakayegusa chungu chake atalia yeye badala ya filimbi.

Mzee Egwang alikuwa akinoa jembe.

Jumapili, 14 Agosti 1966. Saa tisa alasiri, juu ya msingi wa injini

Mzee Bwire amenifanya karani. Kila kitu kiandikwe kinapotokea, ili kesho Aluka asikane. Kwa hiyo naandika hapa hapa, pamoja na mbuzi mmoja anayekataa kunipisha.

Tuko watu kama arobaini. Wa Jinari, watoto wa Jinari, na wengine waliosikia tu kuna shimo. Mzee Egwang amehesabu hatua thelathini na mbili, anazozikumbuka tangu siku za kazi, kutoka kwenye msingi kuelekea reli, kama ramani yangu inavyosema. Amevua koti. Amekataa kusaidiwa.

Saa tisa na nusu. Shimo linafika magotini. Filimbi hakuna. Mzee Egwang anasifu udongo. Ni mweusi, laini, jembe linaingia lenyewe. Anasema hakujua kwamba uwanja wake ulikuwa na rutuba namna hii, angepanda ndizi. Mzee Aluka ameshika donge moja, amelinusa, amesema ni udongo wa mahindi mazuri.

Saa kumi kasorobo. Mama Euphrasia ametokea kwenye njia. Bwire alimwona kwanza, akakohoa mara mbili. Hapa kwetu mwanamume hatazamani uso kwa uso na mama mkwe wake, hata awe mdogo kwake. Mzee Egwang ameinama shimoni. Na wazee wote wameinuka pamoja, wamelizunguka shimo mpaka upande wa pili ili wamkinge, kila mtu kando ya jirani yake yule yule.

Nimeona hayo mahali fulani.

Nimemnong'oneza Mzee Aluka: Jumamosi ile ya karanga, mlikaa pa kila siku?

"Tungekaaje pa kila siku, mama mkwe wa mtu akiwa jikoni? Egwang kwa kawaida anatazama jiko. Tuligeuza chungu kizima."

Kwa nini hakugeuka peke yake?

"Wewe mtoto, amwache jirani yake?"

Kwa hiyo ramani yangu imepinduka. Reli ni barabara, barabara ni reli. Vumbi kwenye chai lilikuwa la magari. Nyumba ya Mzee Egwang iko hatua thelathini na mbili upande ule mwingine, pale watoto wanapocheza. Na hapa tunapochimba, mkabala na nyumba yake kabisa, ni

Nimehesabu tena. Ni pengo.

Miaka kumi na mmoja ni mingi. Kitabu cha biolojia kinasema kila kitu hatimaye huwa udongo. Hakisemi baada ya muda gani.

Saa kumi. Mama Euphrasia ametandika leso, ameketi, amesema atangoja aone hiyo filimbi. Kwa hiyo Mzee Egwang hawezi kutoka. Kwa hiyo anachimba. Sasa naona kofia tu. Sauti yake inatoka chini: "Udongo huu, jamani, nikifa mnizike hapa hapa."

Trekta linakuja kesho saa moja asubuhi.

Ningeweza kumpa Mzee Bwire daftari asome. Hana miwani.

Nimesimama. Nimesema "Mzee" mara moja. Mbuzi peke yake ndiye aliyegeuka.

Nimesema tena. Mzee Bwire amesikia. Ameinua mkono juu. "Nyamazeni, karani ana neno." Wamenyamaza wote, hata jembe limenyamaza, na watu arobaini wananitazama, na mimi bado naandika, kwa sababu nikiacha kuandika itabidi