Robota la Mama Lililobaki Sanyuanli

Guangzhou,
14 Machi 1999

Kwa Kaka Yasir,

Assalaam alaykum. Natumaini u mzima na masikio yako ni mazima, maana nataka uisikie barua hii yote. Mimi sijambo. Baridi imepungua, masomo ya kompyuta yanaendelea, ila hasira zangu kwako hazijapoa.

Mdogo wetu Shifa ameniandikia kwamba ameolewa bila mapazia wala mashuka ambayo Mama aliyaagiza huku, na kwamba Mama hataki hata kusikia jina langu. Umemwambia Mama kwamba nimemnyima nafasi kwenye kontena lako la mizigo kwa kijicho cha harusi. Huna haya!

Programu ya kuorodhesha wateja wanaopakia mizigo kwenye kontena uliniomba mwenyewe, nikakuandikia kwa Java, lugha ya kompyuta niliyofundishwa darasani. Nilikueleza palepale ofisini kwako Sanyuanli, tumekalia marobota: orodha unaiunda tupu, unamwongeza mteja, unamfuta aliyeghairi. Lakini ukimfuta mmoja, wote walio nyuma yake wanasogea mbele nafasi moja. Ukikagua kuanzia mwanzo, aliyesogea unampita bila kumtazama. Ndiyo maana niliiandika ianzie mwisho.

Nilipokwenda darasani ukaigeuza. Karani wako Msabaha ameniambia kila kitu. Ulimwambia hakuna foleni inayoanzia mkiani, na mtoto wa kike hakufundishi kazi. Basi wateja wawili waliofuatana walikuwa wameghairi. Wa kwanza akafutwa, wa pili akapitwa, nafasi yake ikashikiliwa. Kompyuta ikasema kontena limejaa, nawe ukaiamini. Robota la Mama, aliyekuwa wa mwisho, likabaki ngazini likinyeshewa, na kontena likaenda bandarini Huangpu na pengo lake.

Nimemwandikia Mama mara kadhaa kumweleza. Lakini tangu urudi nyumbani kwa harusi, msomaji wake ni wewe. Shifa anasema unasoma salamu, unaruka katikati, unamalizia na wasalaam. Kwa kuruka hujambo!

Kwa hiyo hii sikuiweka posta. Nimempa rafiki yangu Swalha, anayerudi nyumbani, aisome kwa sauti mbele ya Mama, nawe ukiwa umeketi hapo. Usimnyang'anye.

Mama, shikamoo. Nililiokota robota lako, nikafua kila kitu, nikaanika chumbani kwangu. Mapazia na mashuka yamo kwenye begi alilokuja nalo Swalha. Msalimie Shifa na mumewe.

Wasalaam,
Mwanao,
Sihaba