Kiti Changu, na Kinyama cha Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Nimepoteza kiti changu. Leo, saa tatu na dakika ishirini asubuhi. Nimekaa kwenye cherehani kushona mto wa kochi, nikainuka kama niliyekalia pasi. Na damu tena chooni — nyekundu mbichi, siku ya sita mfululizo. Miaka ishirini na tatu natengeneza mahali pa watu wengine kukalia, leo mwenyewe sina pa kukalia! Nimeshona wima siku nzima, mguu mmoja kwenye pedeli kama korongo. Wifi yangu, anayekata vitambaa meza ya pili, akauliza tangu lini nimekuwa mnara. Nikasema mgongo. Uongo.

Jumatano, 5 Machi

Kliniki. Daktari ni binti wa umri wa mwanangu wa kwanza. Vidole vyembamba — afadhali! Bawasiri, kasema. Vinyama vitatu, daraja la pili: vinatoka nikijikamua, kisha vinarudi vyenyewe. Nikamwambia: kata. Springi za kochi zikivunjika hubandiki kiraka, unavua kitambaa, unashuka mpaka kwenye fremu, unamaliza kazi. Akacheka. Mwili si kochi, mama. Wengi hawafiki kwenye kisu. Kwanza maji, glasi nane. Mboga, matunda, maharage, choo kilainike. Kukalia beseni la maji ya uvuguvugu, dakika kumi na tano, mara tatu kwa siku. Dawa ya kupaka, siku saba tu. Chooni nisizidi dakika tano, na simu ibaki nje. (Amejuaje?)

Halafu akashusha sauti. Nina miaka hamsini na miwili na natoka damu, kwa hiyo lazima wapitishe kamera kwenye utumbo mkubwa. Si kila damu ni ya bawasiri.

Nimetoka nimeudhika. Nilikwenda kutafuta fundi, nimepewa maharage.

Jumamosi, 15 Machi

Kamera ilipita jana. Utumbo safi! Karatasi nimeisoma mara nne. Mume wangu akaisoma mara ya tano, kwa sauti, mpaka nikamnyang'anya — majirani!

Damu: mara mbili wiki hii. Ilikuwa kila siku. Kukaa: dakika kumi na moja. Nilikuwa nimejikatia sponji ngumu, inchi nne, nikatoboa tundu katikati kama gurudumu. Kazi safi, mshono hauonekani. Jana nikaenda nayo kliniki. Nesi akaiona, akatikisa kichwa: tundu hilo linaacha nyama ining'inie, damu inajaa palepale. Nitumie sponji laini, bapa, bila tundu. Nesi kunifundisha mimi sponji! Leo nimejaribu ya kwake. Dakika ishirini na sita. Sitamwambia.

Alhamisi, 27 Machi

Vinyama viwili vimenywea. Cha tatu ni mkaidi: tangu Jumatatu hakirudi mpaka nikisukume kwa kidole. Daktari akasema hicho sasa ni daraja la tatu. Akakifunga kampira kadogo shingoni, damu isipite, kikauke, kidondoke chenyewe. Dakika nne, bila kulazwa usingizi. Sikusikia kukatwa, nilisikia uzito tu, kama mtu anayetaka kwenda haja na haja hana. Homa, damu nyingi, au mkojo kugoma — nirudi mbio. Mpaka usiku huu, hakuna hata kimoja.

Jumatatu, 7 Aprili

Kilidondoka juzi, siku ya tisa. Damu kidogo, kama walivyonionya. Na leo nimekaa saa mbili na robo! Viti vya ukumbi mpya, oda niliyopewa kuvalisha: thelathini na kimoja kati ya themanini na vinne. Nikajikuta naimba.

Wifi akaja, akasimama mbele yangu. "Wifi, ule haukuwa mgongo." Nikakiri. Akacheka huku anapiga meza mpaka mkasi ukaanguka. Kumbe mwenzangu alishapasuliwa! Mwaka ule aliosema anakwenda kumuuguza shangazi yake. Chake kilikuwa daraja la nne, kimetoka na hakirudi hata ukisukume. Hapo mpira hausaidii, ni kisu. "Wiki mbili za kwanza nilimlaani hata aliyebuni choo. Wiki ya nne nikacheza harusini. Mficha uchi hazai, wifi!" Nikamwambia na wewe ulificha. Tukacheka upya. Miaka kumi na minane, meza mbili, kila mtu na shangazi yake.

Jumanne, 22 Aprili

Vile viwili vimetulia. Cha tatu kimerudi! Nakisukuma tena, kila asubuhi. Daktari akaeleza kwa utaratibu: tunaweza kufunga mara ya pili, wengi hufungwa mara mbili au tatu. Au tupasue, kwa kuwa ni daraja la tatu na mpira umeshashindwa mara moja. Kisu kinaondoa kabisa, mara chache hurudi, ila kinauma, na ni wiki mbili hadi nne za kupona. Kisha akakunja mikono: "Uamuzi ni wako, mama."

Wangu! Mimi springi ikikatika simuulizi mteja nifanyeje.

Machi nilitaka kisu, nikanyimwa. Sasa nakaa, choo laini, mume wangu anakula maharage bila kununa, nimenenepa mashavu — ndipo kisu kinapiga hodi. Viti vilivyobaki: ishirini na viwili. Ukumbi unafunguliwa tarehe 17 Mei. Nimepiga hesabu mara tatu. Haikatai, haikubali.

Jumatano, 23 Aprili

Kliniki, saa tano kasoro dakika kumi. Benchi la mbao, sikuja na sponji. Nimekaa dakika thelathini na nane, sijambo. Daktari yuko ndani na mgonjwa mwingine. Nimempa nesi karatasi ampelekee. Ameisoma pale mlangoni, akaziba mdomo, akaingia nayo. Nimeandika hivi:

Daktari, faida na hasara nimezisikia, usizirudie. Mgonjwa huyu angekuwa mama yako mzazi, kazi yake kukaa saa nane kwa siku, ungemfunga tena au ungempasua? Neno moja. Nalitaka kabla ya saa sita, nami siondoki hapa.