Kikwembe Usikikate

Kolwezi, Jumapili baada ya misa

Mama mpenzi,

Nakusalimu, nikitumaini goti lako limetulia kwa kuwa mvua zimepungua, na mihogo ya bondeni haikuoza. Sisi huku tuko hai. Vumbi la malori linaingia mpaka ndani ya sufuria, lakini Ngalula amepona kikohozi.

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu simu ya nyumbani inakaa mfukoni mwa baba. Mama Astrida, muuza samaki wakavu, atakupa barua hii mkononi akifika Sandoa. Isome yote kabla hujafungua kifurushi cha Papa Ngalula. Kama umekwisha kukifungua, usiguse mkasi.

Unajua tangu dada Klementina atutoke nimekaa kwa mumewe, Papa Ngalula, nisome huku nikimlea Ngalula, mtoto wao. Hayo mlipatana ninyi na yeye, nami nilikubali. Asubuhi naenda chuoni, tunakosoma mambo ya familia na makuzi ya mtoto, na Kaku, mama yake Papa Ngalula, anabaki na mjukuu wake. Alasiri narudi, nampokea.

Muhula huu mwalimu wetu alitupa kazi: kila mmoja achague mtoto, amwangalie nusu saa kwa siku, wiki sita, na aandike anachokiona tu. Ukiandika "anafurahi" anakata. Andika "anacheka, amepiga makofi mara mbili". Na kila ukurasa utiwe sahihi na mzazi. Wenzangu walitafuta watoto wa majirani. Mimi nilichukua njia fupi, nikamchagua Ngalula. Kosa hilo ni langu, sina wa kulaumu.

Papa Ngalula ni fundi umeme mgodini. Kule hawatii sahihi karatasi ambayo hawajaisoma, basi naye alisoma kila mstari. Alisoma: "Amejikwaa kizingitini. Baba yake yuko karibu. Amempita, amenijia mimi jikoni." Alisoma: "Ameniita mama. Sikumsahihisha." Akatia sahihi, akapiga picha kila ukurasa kwa simu yake. Nilidhani anaweka kumbukumbu ya mtoto.

Mwezi uliopita tuliondoa matanga. Siku iliyofuata, mchana, tukila bukari ya mahindi, Papa Ngalula aliliweka daftari langu mezani.

— Odeta, mi sikukulazimisha kitu. Weye mwenyewe njo uliandika. Mutoto ameshachagula.

— Mutoto anachagula mwenye kumujibu, nikasema. Hajachagulia baba yake muke.

— Iko tofauti gani?

Kaku alicheka mpaka akaweka bakuli chini.

— Batu banaenda kutafuta muke mbali, na muke iko hapa anasonga bukari! Na weye Odeta, kila asubuhi unapanda taxi unaenda kusoma batoto, na mutoto iko mu nyumba. Masomo gani ile?

Nilisema nimebakiza mwaka mmoja. Papa Ngalula alijibu kwa upole kwamba hatanizuia kusoma. "Tukisha kupata mtoto wa pili, tutaona."

Mama, mtu huyu si mbaya. Hanywi, hapigi, na akitoka kazini anaosha viatu vyake mwenyewe. Lakini ni mume wa dada yangu. Nikimwona asubuhi anatafuta kitana, najua dada alikuwa akikiweka wapi.

Nilifikiri kuhama. Chumba kwa wanafunzi wenzangu kipo. Ndipo nikasoma upya ukurasa wa siku niliyorudi baada ya kulala kwa rafiki yangu siku mbili: "Nimeingia saa kumi. Amenitazama, amenipa mgongo. Amekaa ukutani, anakula udongo. Dakika ishirini na tano hajageuka." Mwandiko ni wangu. Siwezi kusema sikuona.

Baba amekwisha kusema ndiyo. Papa Ngalula alifungua sauti ya simu, nikasikia: "Mkwe mwema hatupwi." Baba hakuomba kusema nami. Limebaki jibu lako. Desturi unaijua kuliko mimi: kikwembe cha mama, kitenge anacholetewa na mposaji, kikishakatwa na kushonwa, binti amejibu, hata kama hakufungua kinywa. Kikwembe hicho ndicho kilicho ndani ya kifurushi. Ni cha bluu, chenye ndege. Nilikiona kikifungwa.

Kwa hiyo kikunje kama kilivyokuja, ukiweke. Kisha njoo. Mwalimu anatufundisha kwamba mtoto hahamishwi kama gunia la makaa. Anayempokea anakaa nyumba moja na anayemwachia, mpaka siku mtoto mwenyewe atakapojikwaa na kumkimbilia yule mgeni bila kuitwa. Hiyo inaweza kuchukua miezi. Wewe ni bibi yake, hakuna atakayekuzuia mlangoni. Siku nitakapoona amekukimbilia wewe, nitaiandika katika daftari lilelile, nimpe Papa Ngalula atie sahihi, ndipo nihame.

Usipokuja, sitamwacha mtoto. Papa Ngalula anajua hilo. Amelisoma.

Msalimie baba, usimfiche kwamba nimekuandikia. Msalimie kaka yangu mkubwa anayetengeneza baiskeli, na mkewe ambaye karibu atajifungua. Msalimie shangazi wa kwaya, na jirani yetu mkunga aliyetupokea mimi na dada kwa mikono ileile.

Ngalula amekaa juu ya mguu wangu ninapoandika haya, na mguu umekufa ganzi. Nikiusogeza, anaamka. Nimeuacha hapohapo.

Ni mimi binti yako, mama mdogo wa Ngalula,

Odeta