Kisiwa Nilichomwahidi Riziki

Kaka Issa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini hata ulipokuwa hai uliitikia ulipojisikia, hasa ukiwa umebana spana kwenye meno. Kwa hiyo tumezoeana.

Nimeoa. Ndiyo, mimi Shabani, mdogo wako, yule uliyesema hakuna mzazi mwenye akili zake atakayemkabidhi hata kuku wa kufuga. Nimekabidhiwa binti wa watu, tena mzuri, mpaka vijana wa Mwandiga wanatoboa matairi yao wenyewe ili wapate sababu ya kuja kwenye kibanda changu na kumwona akiniletea chai. Nitakueleza, ila taratibu. Nimekaa juu ya kreti la soda hapa ufukweni Kibirizi, na darasa la sita nililoliacha njiani halikufika kwenye mwandiko mzuri.

Kaka, naogopa. Nimeshaliandika, basi. Usimwambie mtu.

Tangu boti yako ipinduke sijakanyaga maji ya ziwa. Hata kunawa miguu. Nilihamia Mwandiga, nikafungua kibanda cha baiskeli kando ya barabara, na sikufichi, mimi ndiye fundi hodari kuliko wote pale. Gurudumu likipinda nalinyoosha kwa kuliangalia tu. Watu wakiuliza kwa nini mdogo wa Issa haonekani ziwani nawaambia ziwa limekuwa dogo kwangu. Wanacheka. Na mimi nacheka. Usiku siku za upepo nageukia ukutani.

Mama yupo. Mashine ya boti yako, ile ya akiba iliyobaki nyumbani, iko chini ya kitanda chake, imefungwa kwenye gunia, na kila Ijumaa anaitoa anaifuta vumbi kama uso wa mtoto aliyetoka kulala. Sahani yako pia ipo. Unaikumbuka siku ile? Ulikuwa umesimama ndani ya maji hadi magotini, ukamwita Mama kwa sauti: "Niwekee migebuka, nitafika kabla ya magharibi!"

Nitafika. Wewe, Issa, uliyenizaba kofi nikiwa mdogo kwa sababu nilisema neno hilo ndani ya boti. Ulinifundisha mwenyewe: "Ziwani hatusemi tutafika. Tunasema tunaelekea. Kufika si kwetu." Siku ile ulikuwa na haraka, watu walikuwa wanasubiri ng'ambo, Kongo, bunduki zinalia nyuma yao, likakutoka. Nililisikia. Mama alilisikia. Mama aliwaweka samaki hao kwenye sahani, akafunika, magharibi ikapita. Sahani ile hajampakulia mtu mwingine mpaka leo.

Wakimbizi bado wanakuja, kaka. Kuna asubuhi tunasikia ngurumo upande wa Kongo na mbingu haina hata kipande cha wingu. Boti zinatokea zimejaa mpaka maji yanachungulia ndani. Wanaandikishwa, wanapandishwa malori, wanapelekwa kambini. Wenye ndugu hapa mjini na kibali wanabaki. Riziki ni mmoja wao. Kwao ni upande wa mji wa Baraka, Kongo. Anaishi Ujiji kwa shangazi yake, mmoja wa wale ambao babu zao walitoka hukohuko zamani na leo wamekuwa Waujiji kutuzidi sisi. Alikuja Mwandiga na baiskeli ya shangazi yake, cheni imekatika. Nikamweleza habari za cheni, za baiskeli za Kichina na za Kihindi, za mimi mwenyewe. Akanisikiliza mpaka nikachoka, kisha akasema: "Weye ni fundi ama ni redio?"

Palepale nikajua nimekwisha.

Sasa sikia nilivyojitia kitanzi. Siku ya kupeleka mahari, wajomba zake wakauliza fungate tutakaa wapi. Swali la haki. Nyumba ya shangazi ina watu waliokimbia vita, wamejaa mpaka ukumbini, wanalala kwa zamu. Kwa Mama ni chumba kimoja na mashine yako. Kibanda changu kinavuja. Mtu mwenye akili angesema tutajibana tu. Mimi nikakumbuka kalenda ya kinyozi wangu pale Mwandiga: kisiwa, mchanga mweupe, mnazi umeinama kama unasikiliza umbea, mume na mke wamelala kwenye viti vya kukunja wala hawana kazi ya kufanya. Nikasimama mbele ya wazee wote. "Mimi fungate yangu ni kisiwani. Wallahi nitamfikisha Riziki kisiwani."

Nitamfikisha. Mama alikuwa nyuma ya pazia na wanawake. Nilisikia kikombe kikianguka.

Riziki, lakini, ndipo nilipomwona kwa mara ya kwanza akicheka kwa macho. Aliniambia baadaye, "Kisiwa, kweli?" Kama mtoto. Ningerudije nyuma?

Basi nikaanza kutafuta kisiwa. Kuna bwana mmoja wa ofisi ya ardhi, ameletwa na kazi kutoka Tanga, huwa ananiletea baiskeli yake. Alikwenda Unguja na mkewe walipooana. Akanisifia: karafuu, pweza, hoteli ina neti mpya. Nikamuuliza kutoka Dar mpaka Unguja maji yana kina gani. Akacheka mpaka akashika ukuta. "Mtu wa Kigoma unaogopa bahari?" Nikamwambia namuulizia mchumba wangu.

Mwingine akanitajia visiwa vya kusini mwa ziwa, kule Kipili. Maji kama kioo, mawe makubwa ya kuanika nguo, samaki wa rangi wanakuja wenyewe miguuni. Unapanda meli hapa Kigoma. Vizuri, nikasema, meli ni kubwa. Akaendelea: huko vijijini hakuna gati, meli inasimama katikati ya maji, unashuka kwa ngazi ya kamba kwenye mtumbwi, gizani, mtumbwi unaruka kama ndama. Kuanzia hapo sikusikia tena. Nilikuwa naona midomo yake tu.

Kibali ndicho kilichoniokoa. Karatasi ya Riziki inasema asitoke nje ya mkoa. Unguja imekufa, Kipili imekufa. Ungeniona nilivyosikitika, kaka! Nilisikitika vizuri sana. Moyoni napiga vigelegele.

Hapo nikaja na akili yangu kubwa. Mwamgongo. Si unajua Mama Mdogo Zena kule kijijini ana kile chumba cha pembeni, mlango unatazama ziwa? Nikamwambia Riziki: Mwamgongo ni kisiwa, ila upande mmoja mlima umekikalia. Hakuna barabara, hakuna gari, kila kitu kinaletwa kwa boti, hata kiberiti. Akakubali. Nikaongeza, kwa sauti ya mtu asiyejali, kwamba sisi hatutapanda boti, tutatembea kwa miguu kufuata ufukwe, tupite Gombe, tuwaone sokwe. Nikasifia sokwe kama wajomba zangu.

Tulikuwa uani kwa shangazi yake, anachambua dagaa, mikono ikasimama.

"Miye nilishatembea, Shabani," akasema. "Toka kwetu mpaka ziwa, njia ya porini. Wenye bunduki walitokea njiani. Hakuna aliyetokea kwa maji. Kisiwa nilikitaka sababu ya kitu kimoja tu: mtu akikuja, unamuona angali mbali."

Kaka, mimi nilidhani anataka mnazi ulioinama.

Nikakumbuka mambo niliyokuwa nayaona bila kuyaona. Kibandani kwangu hakai akiipa barabara mgongo. Gari la serikali likipunguza mwendo, anasimama. Mimi nilidhani anajinyoosha.

Akaniuliza, "Na weye unaogopa nini?"

"Mimi? Naogopa nini mimi?"

Hakucheka. Aliniangalia miguu. Nadhani ameshaona kwamba tukienda sokoni Ujiji nazunguka kwa juu, sipiti njia ya ziwani. Basi nikamwambia. Si yote. Nilimwambia kuhusu wewe, na neno lile, na kwamba na mimi nimelisema mbele ya wazee, tena kwa kiapo, na kwamba kila nikifikiria boti namwona yeye ndani ya maji na kanga yake inaelea. Nilisema hayo yote huku nimeshika kichwa cha dagaa, sijui kwa nini.

Kuna jambo nilikuwa sijawahi kumuuliza. Aliwahi kunisimulia kwamba walisubiri boti ng'ambo, wameambiwa inakuja, wakasubiri mpaka wakala majani, haikutokea, wakachukuliwa na nyingine baadaye. Sijamuuliza ilikuwa lini, nikiogopa kusikia kwamba boti ile ni yako. Najua unaelewa.

Akaniangalia, na nikaona kwamba na yeye ameshawaza hivyohivyo, pengine zamani kuliko mimi.

"Sijui kama kaka yako alikuwa anakuja kutuchukua sisi, ama wengine," akasema. "Lakini sisi tulikaa pale ufukoni, hatukurudi porini, sababu tuliambiwa kuna mtu anakuja. Waliorudi porini hawapo."

Halafu akaendelea kuchambua dagaa.

Sijalala vizuri toka siku ile, kaka. Lakini mambo mengine mtu huwezi kuyakimbia kwa baiskeli. Nikamwambia Riziki tutakwenda kwa boti.

Ndoa ilifungwa jana, Ujiji. Leo tuko hapa. Boti ni ya rafiki yako Mzee Kasimu, amezeeka, ila bado anatukana upepo kama zamani. Wanapakia mabati, magunia ya chumvi, na mbuzi mmoja anayepiga kelele ninazozizuia mimi. Vijana wa Mwandiga wamenisindikiza, wanajidai wanakuja kuniaga, kumbe wanataka kuhakikisha kama kweli nitapanda. Wananiita Kapteni wa Nchi Kavu. Nimewaambia waangalie kibanda changu na wafunge midomo.

Maji yametulia. Siyaamini. Siku yako pia yalitulia asubuhi.

Kuna abiria, kijana wa mjini, ameuliza sasa hivi kwa sauti, "Mzee, tutafika saa ngapi?" Ufukwe mzima ukageuka kumwangalia. Hata mwenye mbuzi. Mzee Kasimu akatema mate majini, akasema, "Tunaelekea Mwamgongo," akaniangalia mimi, si yule kijana. Nadhani alisikia nilichosema mbele ya wazee. Mji huu hauna siri. Nikashusha macho.

Riziki amesimama ukingoni, kanga mpya, viatu mkononi, maji yanamlamba vidole. Mgongo ameyapa maji. Anaangalia barabara inayoshuka kutoka mjini. Mimi nimekaa kwenye kreti naangalia ziwa. Tumegawana ulinzi.

Nimefikiri kutoroka, nisikudanganye. Kusema nimeacha kitu nyumbani. Kusema mbuzi ananipa mafua. Lakini najua mtu anayesubiri ufukweni anavyosubiri, sasa najua, ameniambia. Siwezi kuwa boti ya pili isiyokuja.

Kwa hiyo nisamehe wewe na anisamehe Mungu kwa kiapo changu, nakifuta hapahapa, mbele yako: sikumfikisha mtu popote na simfikishi. Nakuahidi hivi. Kutoka hapa mpaka tutakapofi... ona sasa, nilitaka kuliandika! Kutoka hapa na kuendelea, mdomo wangu umefungwa. Sitajisifu hata kwa nusu neno. Mimi, Issa, kimya njia nzima. Wewe peke yako ndiye unayejua ni kazi gani. Na nikijaliwa kuelekea huku tena, Ijumaa nitakuwa kwa Mama, nitaichukua ile mashine kutoka kwenye gunia na kuifuta mimi, yeye akae chini apumzike.

Mzee Kasimu anatuita. Riziki ameninyooshea mkono, wa kwake umekauka, wangu umelowa jasho. Ananivuta kama vile mimi ndiye bibi harusi. Wacha vijana wacheke.

Ulale pema, kaka yangu. Kama uko huko chini, mbele ya Gombe au popote, inua macho utuone tukipita juu yako.

Tunaelekea.

Mdogo wako,
Shabani