Mshahara wa Zuhura Hautaki Kuingia Kwenye Mwezi

Jumapili, Kilosa. Mvua imenyesha tangu alfajiri, sasa yamebaki manyunyu, na kichwa changu kiko kama barabara ya Mvumi masika: matope kila upande.

Nilifundisha hesabu hadi kustaafu. Nalisema mapema ili aibu yangu ya leo ipimwe vizuri.

Binti yangu Zuhura ni mpishi kwenye hoteli moja ya watalii Mikumi. Hapo hawalipi mwisho wa mwezi kama tulivyozoea sisi. Wanalipa kila baada ya wiki mbili, siku ya Ijumaa. Juzi alinitumia picha za slipu zake mbili za mshahara, na ujumbe wa sauti: "Shikamoo baba. Naomba unihesabie, kwa mwezi nabaki na kiasi gani hasa? Kikifika laki tatu na nusu nitapanga chumba, nimchukue Mwajuma aje asome huku. Shule wanataka jibu Jumatatu."

Mwajuma ni mwanawe. Tangu Zuhura alipoachika, mtoto anaishi nasi, mimi na bibi yake. Ndiye ninayempeleka shule kila asubuhi.

Nilidhani ni kazi ndogo. Kila slipu inaanza na 210,000. Asilimia kumi, yaani 21,000, inakwenda kwenye pensheni. Chakula cha wafanyakazi ni 15,000. Inabaki 174,000, na slipu ya kwanza inasema hivyohivyo. Ya pili inasema 165,360.

Kazi ileile, siku zilezile, malipo tofauti!

Nilimpigia simu nikiwa nimepandwa na hasira. "Zuhura, wanakuibia. Nenda kwa mhasibu sasa hivi."

"Baba jamani, utanifukuzisha kazi."

"Basi muulize kwa adabu."

"Si ndiyo maana nakuuliza wewe? Mwalimu ni wewe, mimi najua chumvi."

Nikarudi mezani. Kosa langu lilikuwa kuishika kila slipu peke yake, wakati kodi ya mshahara inatazama mwezi mzima. Ukishatoa pensheni, shilingi 270,000 za kwanza za mwezi hazitozwi. Kinachozidi hapo, kwa kipato kama chake, kinatozwa asilimia nane. Slipu ya kwanza peke yake haikufika huko. Ya pili ilipoongezwa juu yake, mwezi ukavuka mstari, na kodi yote, 8,640, ikaangukia slipu ya pili. Hakuna aliyemwibia.

Nikajumlisha: 339,360. Haitoshi.

Na hapo, nakiri, nilifurahi.

Nilikwenda jikoni kumwambia mke wangu, akichambua mchicha. Hakuniangalia hata. "Mbona unachekelea, Mwalimu? Mwanao kapungukiwa, wewe meno nje."

Nikarudi tena mezani, safari hii na kalenda, nikaweka alama kila Ijumaa ya malipo. Mwezi mmoja ukapata alama tatu. Nikadhani nimekosea, nikafuta, nikaanza upya. Tatu tena, na mwezi mwingine mbele nao tatu.

Maisha yangu yote nimelipwa mwisho wa mwezi, kwa hiyo nilikuwa nimeulazimisha kila mwezi uwe na wiki nne kamili. Mwaka hauna wiki arobaini na nane. Zuhura analipwa mara ishirini na sita, si ishirini na nne. Nikahesabu mwaka mzima, pamoja na kodi kubwa zaidi ya ile miezi miwili yenye malipo matatu, nikagawa kwa kumi na mbili: 364,900.

Inatosha.

Au haitoshi? Miezi kumi atapungukiwa, miezi miwili atafurika. Mwenye nyumba hapokei wastani. Hesabu zote mbili ni sahihi, na mimi ndiye wa kuchagua ipi imfikie. Nikimpa ile ndogo, nitakuwa baba mwenye tahadhari. Au nitakuwa mzee asiyetaka nyumba iwe kimya? Nimejiuliza mchana kutwa.

Mwajuma akaja akaegemeza kidevu mezani. "Babu, tembo wa Mikumi nao wanalipwa?"

"Wale wanakula mashamba ya watu bure."

"Basi mama akawapikie, waache."

Nimemwandikia mama yake: "Inatosha, mwanangu, ila si kila mwezi. Malipo ya tatu yakiingia usinunue kitu, hayo ni ya kuziba miezi mingine. Hadi yaje, pengo nitaliziba mimi."

Jibu limekuja upesi: "Ahsante sana baba. Nakuja kumchukua Jumamosi."

Bibi yake ameshaanza kukunja nguo ndogo. Mimi ndiye niliyeachiwa kumwambia mtoto. Namjua Mwajuma: ataniuliza atakaa huko siku ngapi, na hatakubali mpaka nimtajie namba.

Nitamtajia ipi?