Mikono ya Shangazi

Jumatatu, 4 Machi
Asubuhi nikipiga deki wodi ya watoto njiti, sakafu hugeuka ziwa. Vitanda vinaelea. Vitoto ndani ya vioo vyao vya joto vinalala kama samaki wanaoota. Na mmoja ni wetu – binti wa kaka yangu! Mwepesi kuliko mkate. Wifi anamwita Punje. Eti pua kachukua kwangu, Mungu amsaidie. Tumecheka mpaka muuguzi akatufukuza.

Jumatano, 6 Machi
Watoto wawili wana homa. Si Punje. Sista mkuu katukusanya: kuna kijidudu kinatembea wodini, na hatutafuti mchawi, tunatafuta njia yake. Watu wa maabara wakaja na vijiti vya pamba. Wakapangusa sinki, bomba, vitasa. Kisha mikono yetu – daktari, wauguzi, mimi. Kijiti kikapita katikati ya vidole vyangu polepole. Kinatekenya. Majibu Jumamosi.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeota mikono yangu imeota maua. Madogo, ya buluu. Mazuri ajabu! Kila nilichogusa kikachanua: kitasa, shuka, shavu la Punje. Nikaamka nalia. Wifi kaniona nasugua vidole mpaka vinachubuka. Kasema nitaimaliza hiyo ngozi, nibaki mifupa. Nikachukua sabuni tena.

Ijumaa, 8 Machi
Mmoja wa wale wawili katutoka. Mama yake alikunja blanketi, pembe kwa pembe, akaniuliza aliweke wapi. Ananiuliza mimi! Nikalipokea. Baadaye nikaosha kioo cha mtoto: sabuni, maji, dawa. Halafu nikangoja ikauke, dawa haiharakishwi. Jua likaingia ndani, likajinyoosha pale palipokuwa na mtoto. Nikageuka ukutani.

Jumamosi, 9 Machi
Punje hana homa! Daktari kamruhusu alale kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi. Nilikuwa nimetoka tu kunawa, naanza kufuta kitanda cha jirani. Wifi akaita, sauti ndogo: wifi, mpokee, naona giza. Nikamwambia subiri nimwite muuguzi. Akasema, naanguka, jamani! Akaanza kuteleza kitini.

Nikampokea.

Moto mdogo, unapumua. Akafungua jicho moja, akanikunjia uso kama bibi anayedai heshima. Wodi nzima ikaenda mbali. Sijui tulikaa hivyo kiasi gani. Muuguzi akaja, akamchukua Punje, akamlaza wifi. Ni damu tu, imepungua. Atapona.

Sasa niko koridoni. Majibu yamekuja. Kijidudu kimeonekana kwenye sinki la pembeni, na kwenye mikono ya mmoja wetu. Sista anatuita faragha, mmoja mmoja. Daktari kaingia, katoka. Muuguzi kaingia, katoka. Kiganja changu kinanukia maziwa. Sinki liko hapa hapa, hatua chache – na sijanawa. Mlango umefunguliwa. Sista ananitazama, anasema, ingia mama, kaa kwanza –