Kifurushi Kinafika, Ndani Hamna Kitu

Mshauri, shikamoo. Nisome hadi mwisho kabla hujanigombeza, maana nikikatizwa nitaikunja karatasi hii nisiandike tena.

Mimi ni mtunza mifumo kwenye kampuni ya kusambaza dawa, na kazi yetu ni hivi, mabadiliko yakiwa tayari kwenye mfumo wa majaribio yanafungwa kifurushi, kifurushi kinashuka kwenye stoo ya pamoja ndani ya seva, halafu mwenzangu mmoja, tunamwita Mpole, anakichukua na kukipandisha kwenye mfumo wanaoutumia watu wa ghala, na kila kifurushi kina mafaili mawili, dogo la orodha na kubwa la mzigo wenyewe, sasa wiki tatu hizi orodha inafika nzima ila mzigo unafika sifuri, faili lina jina na tarehe lakini ndani hamna hata herufi, mfumo unalikataa, ghala linasimama, na bosi anasema Mpole ndiye anayeyaharibu.

Mshauri, sababu naijua. Ni mimi. Dada aliyenifundisha kazi hii alifariki mwaka jana, na kila kifurushi alichofunga alikiandikia mstari mmoja, "nimerekebisha mizani, asiniulize mtu", "hiki kikikataa, kanyweni chai", nami seva ya zamani ilipokaribia kuzimwa nilivihamisha vyote, vya miaka kumi na moja, nikavificha kwenye stoo ile ile, na mchana ofisi ikipoa, feni inazunguka polepole na mwanga wa dirishani unatambaa juu ya meza, navifungua kimoja kimoja, namsikia kabisa kwenye kiti cha pili akijichekea, saa zinapita sizioni, nikiitwa naitika kwa mbali. Diski imejaa yeye. Orodha ndogo inapata pa kujibana, mzigo haupati.

Alhamisi Mpole anaitwa kwenye kamati, na huenda akafukuzwa. Ameshaandika barua ya kuomba radhi kwa kosa asilolijua, akaniomba nimsahihishie lugha, nikamsahihishia. Nifanyeje? Nikifuta, nampoteza dada mara ya pili.

Mwenye Stoo Iliyojaa

Mwenye Stoo,

Pole sana kwa msiba. Ichukue pole hiyo sasa hivi, maana yanayofuata si pole. Umemsahihishia lugha! Mtu anajiandikia hukumu, wewe unamwekea koma? Hapo umenikera, mwanangu.

Mimi kompyuta naijua kwa kuifuta vumbi tu, kwa hiyo nilimsomea barua yako binti yangu, ambaye kazi yake ni hiyo hiyo. Alicheka, kisha akasema acheni kupandisha faili tupu, hata mkilirudia mara kumi ni tupu tu. Mngeangalia nafasi ya diski kabla ya kutafuta mchawi. Hamisha vifurushi vya marehemu, usifute hata kimoja, lakini ruhusa iombe kwa bosi kwa mdomo wako, si mali yako. Kisha vyote vya wiki tatu vifungwe upya kule kule vilikoanzia, kwa sababu kilichotoka tupu hakijazwi njiani, na ukubwa wa faili ulinganishwe huku na kule kabla Mpole hajagusa kitu.

Halafu akaniambia jambo lililoniuma. Ile mistari ya dada yako, kwa kawaida ya kazi yenu, imo kwenye mafaili madogo ya orodha. Yote kwa pamoja haifiki uzito wa picha moja ya simu. Muda wote huo umekuwa ukikumbatia mizigo, na yeye hakuwemo humo.

Usingoje Alhamisi. Kesho asubuhi, kabla ya bosi, kaa na Mpole umwambie ni wewe. Atakasirika, muache akasirike, wiki tatu amejiona mjinga kwa ajili yako. Kisha ingieni kwa bosi, wewe ukitangulia. Ndiyo, unaweza kupoteza kazi, sikufichi. Lakini kile kiti cha kamati ukikalie wewe, na Mpole siku hiyo awe mezani kwake, akifanya kazi yake.